Mtoto wa miaka 7 anabana macho na kurusha bega bila kukoma, nini kinamchochea na nini cha asili kinaleta nafuu?

#1 Mama wa Pili
Habari wakuu. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie maana akili imenifika mwisho. Kijana wangu ana miaka 7, ilianza kama miezi minne iliyopita na macho, anapepesa ila sio kupepesa kwa kawaida, anayabana kabisa mpaka shavu linapanda, mara tatu nne kwa mkupuo halafu anaacha. Nikadhani kaingiwa na uchafu nikamwosha, nikadhani TV nikazima. Yakatulia wiki kama mbili tukasahau. Sasa yamerudi na yamekuja na mwenzake, bega la kulia linaruka juu na kichwa kinapinda kulifuata. Anakula linaruka, anaandika linaruka. Akilala hamna kitu, juzi nimekaa kando ya kitanda namwangalia kwa tochi ya simu, katulia tuli kama maji mtungini. Daktari alimwona dakika tano akasema hizo ni tiki, yaani mwili unarukaruka wenyewe bila yeye kutaka, zitaisha zenyewe, usijali. Sasa naachaje kujali na mtoto ananirukaruka hivi? Dawa za hospitali sitaki kuzikimbilia kwa umri huu. Nataka kujua mliopitia hili mligundua nini kinachochea, na nini cha asili kimesaidia. Natanguliza shukrani.

#2 Kobe Mwendo
Nafuatilia. Wa dada yangu naye anayo ila yeye ni pua, anaikunja kama anasikia harufu mbaya.

#3 Zima Moto
Simu na tableti, hamna kingine. Wangu alikuwa hivyohivyo, nikamnyang'anya tableti wiki tatu macho yakatulia kabisa. Zima kila chenye kioo ndani ya nyumba halafu rudi hapa utuambie.

#4 Mama wa Pili
Mkuu nimeandika hapo juu kwamba TV nilizima. Tableti hana.

#5 Mjukuu wa Bibi
Mpe dawa ya minyoo kwanza. Mtoto akianza mambo yasiyoeleweka anzia tumboni.

#6 Fagio Jipya
Dada pole. Wa kwangu ni wa kike miaka 9, shingo. Nilihangaika mwaka mzima mpaka nikasoma habari za magnesiamu na vitamini B6, nikaanza kumpa kila jioni na kumkandakanda mabega na mgongo kwa mafuta kabla ya kulala. Ndani ya mwezi shingo ikapungua kwa zaidi ya nusu na usingizi ukawa mzuri. Misuli ikikosa magnesiamu inakaza, ndo inarukaruka. Jaribu, haina madhara ni vitu vya asili tu.

#7 Nesi wa Zamu
Salaam. Niweke sawa machache kabla uzi haujaenda mbali.

Mjukuu, minyoo ina shida zake ila hairushi bega. Ukimtibu minyoo ni vizuri kwa sababu ya minyoo.

Fagio, usemi wa "ni asili haina madhara" unatuletea wagonjwa. Magnesiamu ya vidonge ikizidi inaharisha, na mwenye figo mbovu inaweza kumletea hatari kubwa, halafu B6 ya dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mtu anaanza kufa ganzi vidoleni. Na ushahidi kwamba hivi viwili vinatuliza tiki bado ni mwembamba sana. Sisemi binti yako hakupata nafuu. Nasema hatujui ni kipi kilichompa.

Maana tiki ziko hivi, huanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 6, kwa wengi huwa kali zaidi miaka 10 hadi 12, ujana ukiingia hupungua kwa wengi wao. Wavulana wanapata zaidi, kama mara tatu au nne ya wasichana. Na zina desturi ya kupanda na kushuka zenyewe, wiki hii macho, mwezi ujao bega, katikati kimya. Kwa hiyo mzazi anahangaika lini? Zikiwa zimepanda. Chochote atakachompa mtoto siku hiyo, zikishuka kitapewa sifa. Zima Moto, tableti yako ilikaa kabatini wiki tatu macho yakatulia, lakini mleta mada macho ya mwanae yalitulia wiki mbili na hakunyang'anywa kitu.

Mama wa Pili, kulala tuli ni jambo jema, tiki nyingi zinapotea au kupungua sana usingizini. Ninachotaka kujua, akiwa katikati ya kubana macho ukimwita anaitika? Maana mtoto anayekodoa macho au kope zikamchezacheza, haitiki sekunde kadhaa, kisha anaendelea na sentensi kama hakuna kilichotokea, huyo ni wa kuchunguzwa kifafa. Mrekodi video. Dakika mbili za video nyumbani zinamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu watoto wengi wakifika hospitali tiki zinajificha.

#8 Mama wa Pili
Anaitika. Hata akiwa anarusha bega anabishana na mimi vizuri tu. Asante nesi, video nachukua leo.

#9 Zima Moto
Nesi nakuheshimu ila mimi ndo niliyekuwa naishi na yule mtoto. Siku akishika tableti saa nzima macho yanaenda kasi, siku asiposhika hayaendi. Hiyo haihitaji maabara.

#10 Chafya Iliyokwama
Mimi nina tiki tangu nina miaka 6, sasa nina 34, nimebaki na moja ndogo ya shingo. Nimesoma uzi wote na hamna aliyeuliza mtoto mwenyewe anasikiaje, kwahiyo ngoja niwaambie mimi.

Umewahi kutaka kupiga chafya ikakwama? Ule mwasho wa ndani ya pua, machozi yanalenga, huwezi kufikiria kitu kingine mpaka itoke. Sasa uhamishie huo mwasho kwenye bega. Au vaa shati jipya lenye lebo inayokukwaruza shingoni halafu mtu akukataze kujikuna. Unaweza kujizuia, ndio, dakika moja, mbili, kumi ukijitahidi, lakini akili yote imehamia hapo, mwalimu anaongea husikii. Ukirusha bega unapata nafuu, sekunde kadhaa, mwasho unarudi. Wadogo wengi chini ya miaka 10 hata huo mwasho hawaujui, wanaona tu mwili umeruka.

Baba yangu alikuwa mtu mzuri sana ila kila nikiruka alisema "acha". Hakupiga, hakufoka, alisema tu kwa upole, acha mwanangu. Kwenye meza ya chakula nilikuwa nalihesabu hilo neno. Na mwasho ulikuwa unaanza kabla sijakaa kwenye kiti, nikisikia tu sahani zinapangwa.

Mama usimwambie aache. Na usimtazame bega.

#11 Kobe Mwendo
Hii namba 10 nimesoma mara mbili, nimemtumia dada yangu.

#12 Mwalimu wa Asubuhi
Nafundisha watoto wa miaka 7 na 8, hii naiona karibu kila mwaka. Mwaka juzi nilikuwa na kijana wa kukunja pua na kupanua mdomo, wenzake wakadhani anawacheka, ugomvi kila siku. Nilichofanya ni kukubaliana naye kwamba akisikia zimezidi anatoka kwenda kunywa maji bila kuomba ruhusa, na nikamhamisha kutoka dawati la mbele kwenda la nyuma pembeni ambapo hamna macho mgongoni kwake. Kwa idhini ya mama yake nikawaambia wenzake kwa dakika tatu tu kwamba mwili wake unafanya hivyo wenyewe kama kwikwi. Ikaisha. Tiki hazikuisha, ugomvi uliisha.

Ila niseme kitu kitakachomfurahisha Zima Moto kidogo na kumuudhi kidogo. Yule kijana siku za mtihani alikuwa anapanda sana, lakini siku ya michezo naye anapanda, furaha tu, hajakaripiwa na mtu. Na akikaa kuchora, nusu saa uso umetulia kabisa. Kwahiyo sio hofu peke yake na sio uchovu peke yake.

#13 Zima Moto
Sijaudhika mwalimu. Mtoto akiwa kwenye tableti si ndo furaha hiyohiyo? Msisimko. Tunasema kitu kimoja.

#14 Baba Mapacha
Wangu zilianza wiki mbili baada ya koo kuuma na homa. Ghafla, Ijumaa mzima Jumatatu anaruka. Kuna ugonjwa unaitwa PANDAS, bakteria wa koo wanasababisha kinga ya mwili ishambulie ubongo. Mleta mada mpe antibayotiki ya siku kumi uone, madaktari wengi hawaijui hii.

#15 Nesi wa Zamu
Baba Mapacha, usimpe mtu ushauri wa antibayotiki mtandaoni, nakuomba. PANDAS ilielezewa mwaka 1998 na Susan Swedo na wenzake huko Marekani, na mpaka leo wataalamu wanavutana juu yake. Picha yake sio kupepesa kunakokuja polepole na kwenda, ni mtoto anayebadilika ghafla, tiki au mawazo ya kung'ang'ania kama kunawa mikono bila kikomo, vikifungamana na maambukizi ya koo yaliyothibitishwa kwa kipimo. Antibayotiki ni ya kutibu koo lililopimwa.

Lakini umenikumbusha jambo zito. Kuna mtikisiko unaokuja baada ya homa ya baridi yabisi ya watoto, yaani ile inayoanzia kooni na kuharibu moyo. Huo sio tiki. Mikono inachezacheza kama anacheza ngoma isiyo na mpigo, harudii mchezo uleule, vitu vinamdondoka, mwandiko umeharibika ndani ya siku chache, analia hovyo. Ukiona hivyo usisubiri uzi, nenda hospitali na moyo upimwe.

#16 Mama wa Pili
Mungu wangu. Mwandiko wake uko sawa na kikombe anashika vizuri, nimemjaribu sasa hivi.

#17 Kijana wa Kona
Hiyo si ndo Tourette, ule ugonjwa wa kutukana watu bila kutaka? Angalia mama atakuja kukutukania wageni.

#18 Chafya Iliyokwama
Kijana, hiyo ya matusi inawapata wachache sana, kama mmoja kati ya kumi wenye Tourette. Na Tourette ina masharti, zaidi ya tiki moja ya mwili pamoja na angalau moja ya sauti, zaidi ya mwaka mmoja, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 18. Huyu ana miezi minne na hana sauti. Jina lenyewe limetoka kwa daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliandika juu ya wagonjwa 9 mwaka 1885. Mimi ninayo kamili na sijawahi kumtukana mgeni.

#19 Kijana wa Kona
Samahani mkuu, nimeelewa. Kumbe hata Tim Howard yule aliyekuwa golikipa wa Everton na Marekani anayo?

#20 Chafya Iliyokwama
Anayo na amesema wazi miaka mingi. Mechi ya Marekani na Ubelgiji kombe la dunia 2014 niliitazama nimesimama mwanzo mwisho. Mtu mwenye shingo kama yangu anapangua mipira vile dunia nzima inatazama. Nilikuwa mtu mzima na nililia.

#21 Kobe Mwendo
Ile mechi walifungwa lakini.

#22 Kijana wa Kona
Walifungwa 2 kwa 1 dakika za nyongeza, bila yeye ingekuwa kapu zima.

#23 Mwalimu wa Asubuhi
Jamani turudini kwa mtoto.

#24 Chafya Iliyokwama
Sawa mwalimu. Mama wa Pili, chukua daftari. Kila siku chagua nyakati mbili, dakika kumi kumi, hesabu bila yeye kujua. Andika saa, alikuwa anafanya nini, nani yupo, amelala saa ngapi jana, kama ana mafua. Halafu weka safu ya mwisho: mimi nilifanya nini alipoanza. Hiyo ya mwisho usiiruke.

#25 Mama wa Pili
Wakuu nimerudi, wiki mbili na nusu zimepita. Mnisamehe urefu.

Daftari limejaa. Nanakili kurasa mbili kama zilivyo. "Jumanne jioni, hesabu za shule, bega 23, kalala saa 5 usiku jana, mimi nilisema kaa vizuri mara mbili." "Jumamosi asubuhi, anapanga matofali ya kuchezea na mdogo wake, bega 1, macho 0, mimi nilikuwa jikoni." Meza ya chakula ndo mbaya kuliko zote, hata siku alizolala mapema. Na kwenye meza ile sisi wote tunamwangalia, mimi, baba yake, dada yake. Nilikuwa sijui kama namwangalia mpaka nilipoanza kuandika.

Lakini msiseme nimepata jibu maana Jumapili ya pili hakuna aliyesema neno, tumekaa wote tunatazama katuni, na akahesabika bega 31. Zima Moto najua utasema nini. Siku hiyo pia alikuwa na mafua, na kesho yake ilikuwa siku ya safari ya shule aliyoingoja mwezi mzima. Sasa hapo mnieleze ni kipi.

#26 Zima Moto
Katuni. Siongezi neno.

#27 Mjukuu wa Bibi
Mafua.

#28 Mwalimu wa Asubuhi
Safari.

#29 Fagio Jipya
Na mimi natoa la kwangu kwa sababu nesi alinipa la kufikiria. Nilisimamisha magnesiamu na B6, nikabakiza kumkanda na saa ya kulala tu. Wiki ya nne sasa, shingo iko palepale chini, haijapanda. Kwahiyo labda ulikuwa usingizi, labda mikono yangu mgongoni, labda ilikuwa inashuka yenyewe. Magnesiamu sijaifuta moyoni ila vidonge nimeviweka juu.

#30 Nesi wa Zamu
Fagio ubarikiwe. Usingizi ningeuweka mbele ya kidonge chochote cha duka. Na soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu mtoto wa tiki akae navyo mbali, ushahidi wa kafeini iliyomo humo unavutana lakini usingizi inauharibu hakika.

#31 Chafya Iliyokwama
Mama, hicho ulichofanya ndo nusu ya tiba yenyewe. Nusu ya pili ni zoezi. Mwanasaikolojia Nathan Azrin na mwenzake Nunn walilianzisha 1973, kazi yake ni kumfundisha mtoto ausikie mwasho kabla haujaruka, kisha afanye kitu kisichoweza kukaa pamoja na tiki. Bega likitaka kupanda, unalishusha taratibu na kubana kiwiko ubavuni, unashikilia dakika moja au mpaka mwasho ufe. Macho yakitaka kubana, unapepesa polepole kwa hiari yako huku unatazama mbele. Hamna kidonge. Mwaka 2010 huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, vipindi 8 ndani ya wiki 10, zaidi ya nusu ya waliofundishwa walipata nafuu ya maana, na wale waliopewa maelezo na kutiwa moyo tu hawakufika mmoja kati ya watano.

Mimi nililipata nikiwa na miaka 26. Nilikaa mbele ya mwanasaikolojia, ananiambia shusha kidevu kidogo, kaza shingo taratibu, hesabu. Nilifika sitini, mwasho ukawa kama wimbi lililofika ufukweni likarudi. Miaka ishirini nilikuwa sijawahi kuuona unakufa wenyewe.

#32 Tatu Salama
Lakini si wanasema mtoto akijizuia zinarudi kwa kishindo? Wangu shuleni anajikaza, akifika nyumbani zinalipuka.

#33 Nesi wa Zamu
Hilo limepimwa, watoto wameombwa kuzuia kisha wakahesabiwa baadaye, na kile kishindo hakikuonekana kama tulivyokuwa tunaamini. Nyumbani anapumzika, amechoka, na yuko na watu anaowaamini, huenda ndo maana. Na zoezi sio kujikaza kwa nguvu, ni kuupisha mwasho. Ila kwa miaka 7 wengine wanaweza wengine bado, usimlazimishe.

#34 Tatu Salama
Sijashawishika nesi. Namwona kwa macho yangu kila saa tisa akivua begi.

#35 Baba Mapacha
Na mimi kwenye koo bado nipo. Ila tulienda kupimwa, kipimo kilitoka safi.

#36 Mama wa Pili
Taarifa ya mwisho kwa sasa. Meza ya chakula tumebadilisha viti, yeye anakaa upande mmoja na baba yake, sio mbele yetu. Neno "acha" nimelifuta mdomoni, limenitoka mara moja tu. Analala saa 2 na nusu. Bega limepungua sana, siku nyingine silioni. Zoezi la kiwiko nilimwonyesha kama mchezo, akafanya siku mbili akachoka, nimeliacha mpaka akue kidogo. Macho yapo yapo. Na juzi ameanza kijisauti, hm hm, kama anasafisha koo, nesi nimeandika tarehe.

Kingine. Baba yake hakuwa anasema kitu muda wote huu, mimi nikamwona hajali. Nikamwachia simu ikiwa imefunguka hapa namba 10, akasoma kakaa kitandani, kimya. Kesho yake nikamsikia sebuleni anamwambia mtoto kwamba hata yeye alikuwa hivyo akiwa mdogo, macho na shingo, na bibi alimpeleka kila mahali. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kusikia. Mtoto akaacha tofali alilokuwa ameshika akamuuliza, "zako ziliacha lini?"

#37 Kobe Mwendo
Akamjibu nini?

#38 Mama wa Pili
Akamwambia hakumbuki siku. Alishtukia tu hazipo.